Mashine ya santuri: ilifikaje ziwani Tanganyika, na anayeanza aitege namna gani

BARAKA, teritware ya Fizi. – Ma-DJ wengi wa leo wanafanya kazi na kompyuta ao simu. Nyimbo elfu moja zinaingia katika kifaa kidogo kuliko kiberiti. Hata hivyo, ile mashine ya zamani inayozungusha santuri chini ya sindano haijafa. Wazee waliiita gramafoni, fono ao pikapu. Vijana wanaiita platini. Kwa miaka kadhaa sasa inatafutwa tena, na anayeipata Afrika Mashariki mara nyingi anapata iliyokwisha kutumika: ilichezwa miaka mingi Ulaya ao Japani, ikapakiwa pamoja na vyombo vingine vya zamani, ikashuka bandarini Dar es Salaam ao Mombasa.

Shida ni kwamba inakuja bila kitabu cha maelezo, na mara nyingi bila kipande fulani. Kijana anaunganisha waya, anaweka santuri ya baba yake, anateremsha mkono. Sauti inakwaruza. Anaongeza uzito ili sindano isiruke, na sauti inazidi kuwa mbaya. Asichojua ni kwamba kila mzunguko unakata kitu ambacho hakitarudi. Kanda ikikatika inaungwa. Faili ikifutika huenda kuna nakala kwa rafiki. Mfereji wa santuri ukiisha kuliwa na sindano mbovu, hakuna fundi wa kuuponya.

Kwa watu wa Fizi na Baraka jambo hilo lina uzito wa pekee. Muziki wa upande huu wa ziwa ulipita njia ndefu kabla ya kuchapwa katika santuri, na santuri zenyewe zilipotea pamoja na nyumba. Zile chache zilizobaki ni ushahidi. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, ni vizuri kujua safari ya mashine hii.

Sahani zinazoongea

Santuri bapa ilivumbuliwa na Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliyepata hati ya gramafoni mwaka wa 1887. Sauti ilichorwa kama mfereji unaozunguka kutoka ukingoni kwenda katikati. Kwa miaka zaidi ya hamsini santuri zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaoitwa sheleki. Zilikuwa nzito, zilivunjika kama sahani ya udongo, na zilizunguka karibu mara 78 kwa dakika. Mashine yake haikuhitaji umeme: mtu alizungusha mkono wa chuma pembeni, springi ikajaa, sahani ikazunguka. Mahali pasipo na umeme ilifaa kabisa.

Makampuni ya Ulaya yaligundua mapema kwamba mtu hanunui gramafoni ili asikie lugha asiyoijua. Ndiyo maana yalitafuta waimbaji wa Kiswahili. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alipanda meli pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri zake zilivuka bahari na kuingia bara. Kiswahili kikaanza kusikika kutoka ndani ya sanduku.

Ziwa Tanganyika nalo lilikuwa limekwisha kufungua milango. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Upande wa Congo, reli iliunganisha Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, na Kabalo mwaka wa 1915. Meli Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe katika vita vya kwanza vya dunia na kuinuliwa baadaye, ilianza tena kazi ziwani mwaka wa 1927. Mwambao wa Fizi hauko mbali na njia hizo mbili. Nguo, chumvi, taa za mafuta na vyombo vya kizungu vilipita humo, na biashara ya mashariki ilikuwa karibu kuliko Léopoldville.

Katika mashine hizo za zamani kuna jambo moja la kukumbuka: sindano yake ilikuwa ya chuma, na ilitakiwa kubadilishwa baada ya kila upande mmoja wa santuri. Iliuzwa katika vikopo vidogo, nyingi kwa mara moja. Wengi walirudia sindano moja siku nyingi kwa kubana matumizi. Ndiyo sababu santuri nyingi za zamani zinasikika kama mvua juu ya mabati.

Kutoka Léopoldville mpaka Likasi

Baada ya vita vya pili vya dunia Congo ikaanza kujirekodi yenyewe. Mwaka wa 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, alianzisha studio ya Ngoma mjini Léopoldville. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi humo Marie-Louise, wimbo uliojulikana mbali sana. Opika na Loningisa zikafuata. Katika Loningisa ndiko kijana Franco alikoanza kurekodi mwaka wa 1953, miaka mitatu kabla ya OK Jazz kuzaliwa.

Nyimbo hizo nyingi zilikuwa za Lingala. Sauti ya Kiswahili cha Congo ilitoka kusini-mashariki, Katanga. Mwaka wa 1952 mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alikutana na Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, sasa Likasi. Bosco alikuwa anapiga gitaa kwa vidole na kuimba Kiswahili cha watu wa migodi. Santuri zake zilisambaa Afrika ya kati, mashariki na kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na Edouard Masengo walifika mpaka Nairobi, na wapigaji gitaa wa Kenya wakajifunza kutoka kwao.

Wakati huohuo santuri yenyewe ilibadilika. Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri kubwa ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka wa 1949 RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Plastiki haikuvunjika ovyo, na mfereji wake ulikuwa mwembamba zaidi kuliko ule wa sheleki. Tangu siku hizo dunia ina aina mbili za mifereji na aina mbili za sindano. Anayechanganya hizo mbili anaharibu santuri. Jambo hilo litarudi katika sehemu ya kutega mashine.

Mashine za umeme nazo zikaja, na baadaye zile ndogo zenye kifuniko kama sanduku la safari, zinazotumia mawe ya redio. Kwa kijiji kisicho na umeme, hizo zilikuwa mwendelezo wa gramafoni ya springi.

Njia ya mashariki

Mwaka wa 1960 African Jazz ya Grand Kallé ilirekodi Indépendance Cha Cha mjini Brussels, na redio ikaueneza wimbo huo bara zima. Lakini furaha ya uhuru haikudumu Fizi. Mwaka wa 1964 uasi wa Simba ulishika Uvira na Fizi. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara na Wacuba wenzake walivuka kutoka Kigoma wakafika Kibamba, wakaondoka Novemba ya mwaka huohuo. Mwaka wa 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP, na milima ya Fizi ikabaki maficho ya waasi kwa miaka mingi. Teritware ikakatwa na sehemu nyingine za inchi. Kwa familia nyingi za mwambao, Kigoma ikawa karibu kuliko Bukavu.

Muziki ulifuata njia hiyohiyo. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kunyang'anya biashara za wageni, maduka mengi yakaanguka, na vyombo vya kutoka nje vikawa haba. Wanamuziki wakatafuta maisha mashariki. Maquis du Zaïre walikuwa wamekwisha kufika Dar es Salaam mwaka wa 1972. Super Mazembe walifika Nairobi mwaka wa 1974. Baba Gaston akafuata, na mwaka wa 1976 baadhi ya vijana wake walijitenga wakaunda Les Mangelepa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mji uliokuwa ndani ya jimbo la Kivu ya zamani, alifika Dar es Salaam mwaka wa 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy. Mpaka alipofariki Desemba 2010 Watanzania walimwita wao, na Wakongo vilevile.

Nairobi ilikuwa na kitu ambacho Fizi, Uvira, Bujumbura na Kigoma hazikuwa nacho: kiwanda cha kuchapa santuri. Tanzania yenyewe ilirekodi bendi zake katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kanda zilipelekwa Nairobi ili ziwe santuri. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka wa 1977, njia hiyo ikawa ngumu, na nyimbo nyingi zikabaki katika kanda za redio tu.

Hilo ni la kukumbuka kwa anayetafuta muziki wa nyumbani. Santuri yenye lebo ya Nairobi inaweza kuwa imejaa sauti za Wakongo wa mashariki. Mtu anayepekua marundo ya santuri kuukuu mjini Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam ao Kigoma asipite haraka kwa sababu ya anwani iliyoandikwa kwenye karatasi ya katikati. Asome majina ya watunzi. Hapo ndipo Congo inapoonekana.

Kitu ambacho familia haikubeba

Miaka ya 1980 kaseti ilichukua nafasi. Ilikuwa nyepesi, ya bei ndogo, na kila mtu aliweza kunakili. Mashine za santuri zikawekwa pembeni, nyingine zikawa meza za kuwekea taa. Lakini santuri zilibaki ndani ya nyumba, zimefunikwa kitambaa.

Kisha ikaja vita ya 1996. Mwezi wa Oktoba na Novemba maelfu ya watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa kuingia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa Novemba mwaka huo. Agosti 1998 vita ya pili ikaanza, na wengine wakafuata. Santuri kubwa moja pamoja na ganda lake inakaribia robo kilo. Santuri mia moja ni mzigo wa kilo ishirini na zaidi. Mtu anayepanda mtumbwi usiku na watoto hachukui mzigo huo. Anachukua sufuria, nguo, karatasi za shule na mbegu. Santuri zilibaki, na nyumba zilipochomwa ao kuporwa, ziliyeyuka ao zikatupwa. Kwa mporaji hazikuwa na faida bila mashine.

Tangu hapo kumbukumbu ya muziki ilihamia vichwani na redioni. Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka wa 1995 kwa ajili ya wakimbizi, Radio Okapi tangu 2002, na redio ndogo za jamii katika eneo letu zilipiga nyimbo ambazo wenyewe hawakuwa nazo tena. Mwaka wa 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Walirudi na masanduku ya vyombo. Santuri za nyumba walizoziacha karibu zote hazikuwepo.

Mashine inageuka kuwa ala

Wakati Fizi ilikuwa maficho ya waasi, mbali na hapa mashine ya santuri ilikuwa inapata kazi mpya. Mashine nyingi za zamani zilizungushwa kwa mkanda wa mpira kati ya injini na sahani. Mwaka wa 1970 Technics ya Japani ilitoa SP-10, ambayo injini yake ilizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda. Mwaka wa 1972 ikatoa SL-1200. Tarehe 11 Agosti 1973, mjini New York, mtaa wa Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaica aliyejulikana kama Kool Herc alicheza kwenye sherehe ya dada yake na mashine mbili, akirudia kipande cha ngoma ambacho watu walikipenda. Wanahistoria wengi wanahesabu hip-hop kuanzia hapo.

Mwaka wa 1979 ilitoka SL-1200MK2, yenye kitelezi cha kuongeza ao kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Ina uzito wa kilo 12 hivi na injini isiyochoka mtu akiishika sahani kwa kidole. Technics ilisimamisha mashine hizo mwaka wa 2010, ikazirudisha mwaka wa 2016 kwa bei kubwa. Kwa hiyo anayeanza bila mafaranga mengi anatafuta ya zamani, ya Technics ao ya kampuni nyingine iliyofuata mfano huo.

Kuitega: hatua kwa hatua

*Kwanza, umeme.* Kabla ya kuchomeka, soma kibandiko nyuma ya mashine. Congo inatumia volti 220. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka hivihivi inaungua mara moja. Nyingine zina kitufe cha kuchagua volti. Kama hakuna, tumia transfoma. Kwenye kibandiko hichohicho angalia Hz. Mashine za mkanda zenye injini ya zamani zinafuata mapigo ya umeme: iliyotengenezwa kwa 60 Hz ikipata 50 Hz itazunguka karibu mara 28 badala ya 33. Ndiyo maana pia ukitumia grupu, wimbo unaweza kupanda na kushuka kila mtu anapowasha ao kuzima kitu kikubwa. Mashine yenye kidhibiti cha kwatzi, kama MK2, haina shida hiyo. Kwa wanaotumia sola, invata ya bei ndogo inaweza kuleta mngurumo katika spika. Jaribu nyingine kabla ya kulaumu platini.

*Pili, uzima wake.* Zungusha sahani kwa mkono mashine ikiwa imezimwa. Inatakiwa izunguke taratibu bila kukwama wala kuyumba juu-chini. Sogeza mkono wa sindano kushoto na kulia: usikwame popote wala usicheze kwenye kitako chake. Angalia kama uzito wa nyuma upo, maana hupotea sana njiani, na bila huo hakuna kupima. Kama ni ya mkanda, vuta mkanda kidogo. Ukiwa umelegea ao umepasuka, tafuta mwingine wa urefu uleule.

*Tatu, meza.* Weka mashine juu ya meza nzito isiyotikisika, mbali na spika, zile ambazo wengi wanaita mabafle. Spika zikiwa juu ya meza hiyohiyo, sauti inatikisa sindano, sindano inarudisha sauti, na mlio mkubwa unaanza. Sponji ngumu ao vipande vya mpira wa gari chini ya miguu ya mashine vinasaidia. Kisha weka nivo ya mwashi juu ya sahani, mbele-nyuma na kushoto-kulia, uzungushe miguu mpaka ilingane. Kama nivo hakuna, bakuli pana la maji linaonyesha upande unaoinama; liweke mezani kabla ya kuleta mashine, maji na umeme visikutane.

*Ine, sindano.* Usitumie sindano uliyoikuta mpaka uiangalie kwa kioo cha kukuza. Ncha iliyovunjika, iliyopinda ao iliyochakaa upande mmoja inakata plastiki kama kisu. Kama utanunua kitu kimoja tu kipya, kiwe sindano. Kumbuka zile aina mbili: sindano ya santuri za plastiki ni nyembamba mno kwa sheleki ya 78, inatambaa chini kabisa ya mfereji pamoja na vumbi. Sindano nene ya 78 nayo inaharibu santuri ya plastiki. Na ile ya chuma ya gramafoni isiguse plastiki kamwe.

*Tano, uzito wa mkono.* Hapa ndipo wengi wanakosea. Weka kirekebishi cha kuzuia mkono kuvutwa ndani kwenye sifuri. Acha mkono huru bila kugusa santuri, ukizungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee bapa hewani, usipande wala kushuka. Sasa shika uzito usizunguke, ugeuze pete yenye namba peke yake mpaka sifuri. Kisha zungusha uzito pamoja na pete mpaka gramu zilizoandikwa na aliyetengeneza sindano. Za DJ nyingi zinataka gramu 3 mpaka 4. Za kusikiliza nyumbani mara nyingi gramu 1.5 mpaka 2. Mwisho weka kirekebishi kile kwenye namba hiyohiyo, kwa kusikiliza nyumbani. Usiweke sarafu juu ya kichwa cha mkono. Sindano ikiruka, chunguza meza, vumbi na ncha. Lakini uzito ukiwa mdogo mno nao ni mbaya, maana sindano inayorukaruka inagonga kuta za mfereji.

*Sita, waya.* Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo sana, milivolti chache tu, na imechapwa kwa mpango maalumu: besi imepunguzwa, sauti nyembamba imeongezwa. Ampli ao miksa lazima iwe na tundu lililoandikwa PHONO, ambalo linaikuza na kurudisha besi. Ukichomeka kwenye tundu la simu utasikia sauti hafifu kama ya mbu. Ukichomeka simu kwenye PHONO utasikia makelele. Kama miksa haina tundu hilo, kuna kisanduku kidogo cha kuweka katikati. Waya mwembamba wa tatu, wenye ncha kama uma, ni waya wa ardhi: ufunge kwenye skurubu ya miksa, na mngurumo utanyamaza.

*Saba, mwendo.* Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri ya majaribio, ukihesabu kinavyopita mbele yako kwa dakika tatu kamili. Kwa 33 na theluthi inatakiwa iwe mizunguko 100. Kwa 45, mizunguko 135. Hakuna chombo cha kununua; saa ya simu inatosha. MK2 haina mwendo wa 78. Mwenye sheleki anaweza, akiwa na sindano nene, kuirekodi kwa 45, kisha kuongeza mwendo katika kompyuta kwa asilimia 73.

*Nane, usafi.* Santuri ya plastiki inasafishwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tone moja la sabuni laini, na kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa kufuata mzunguko wa mfereji. Usiloweshe karatasi ya katikati. Sheleki isiguswe na pombe ya hospitali, inayeyuka. Zote zisimame wima kama vitabu, mbali na jua na bati la moto.

Baada ya hapo ndipo mashine ya pili, miksa na vifaa vya masikioni vinapopata kazi. Anayeanza achukue nyimbo mbili zenye mwendo unaokaribiana, asikilize wa pili masikioni, aulinganishe kwa kitelezi mpaka ngoma zigonge pamoja, kisha aufungulie. Kitambaa cha sufi kati ya sahani na santuri kinamruhusu kushika santuri bila kusimamisha injini. Mchezo wa kurudisha nyuma na mbele afanyie santuri za kawaida zinazopatikana kwa wingi, wala si ile pekee iliyobaki katika ukoo.

Kabla ya santuri ya mzee

Familia inayoleta santuri ya zamani kwa DJ inamkabidhi kitu kinachoweza kuchezwa vizuri mara chache tu. Kwa hiyo mara ya kwanza kuichezesha na mashine iliyotegwa sawasawa iwe ndiyo mara ya kuirekodi: toa sauti ya miksa, ingiza kwenye kompyuta, hifadhi nakala mahali pawili, moja kwa familia, nyingine mahali pengine kabisa. Nakala iliyo Nyarugusu ao Bukavu haitaungua siku ambayo ya Baraka inaungua.

Piga picha za pande zote mbili za karatasi ya katikati. Kisha keti na wazee wakisikiliza, uandike: nani anaimba, nani anapiga gitaa, ni lugha gani, Kiswahili, Kibembe, Kibuyu, Kifuliru, Kinyamulenge ao Lingala, santuri ilinunuliwa mji gani na nani aliileta. Mengi ya hayo hayakuchapwa popote. Yako kwa watu waliocheza wimbo huo wakiwa vijana, na wengi wao sasa wamepita miaka sabini.

Kama nyumba haina santuri tena, kazi haijaisha. Majina ya nyimbo zilizopotea yaandikwe vilevile, pamoja na jina la aliyekuwa nazo na kijiji. Mtu anayepekua marundo huko Nairobi ao Kigoma hawezi kutafuta asichokijua, lakini akiwa na orodha mkononi anaweza kuitambua santuri ya Fizi kati ya mia moja.